Siku 11 kufuata maji ya Wamaya: Mérida hadi Tikal

Nimeandika haya wiki tatu baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari lililoloa jasho na picha zaidi ya 900 za simu. Bei ni za siku tuliyolipa. Ukienda wewe, ongeza kidogo.

Mimi ni mtoto wa Kondoa. Kabla ya kuhamia Houston nilichimba visima Dodoma na Singida kwa miaka 14, kwa hiyo zikitajwa habari za Wamaya, wenyeji wa kusini mwa Mexico, Belize na Guatemala ambao miji yao ya mawe ilihamwa zaidi ya miaka elfu iliyopita, na mtu akasema "Wamaya walimalizwa na ukame" kisha akapita zake, nawashwa. Ukame wa miaka mingapi? Walikuwa na akiba ya lita ngapi? Ufunguo wa bomba alishika nani? Mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 19 na Kihispania cha shuleni kinachotiririka. Nikamwambia nauli yake juu yangu, kazi yake kuwa mdomo wangu. Tuliondoka Aprili, mwisho wa kiangazi cha kule, makusudi. Nchi ya maji uione ikiwa na kiu.

Siku ya 1, Ijumaa. Houston – Mérida

Ndege ya moja kwa moja, hata usingizi haukutosha. Kwa wenye pasipoti ya Tanzania: ukiwa na visa halali ya Marekani au kadi ya ukaazi wa kudumu, Mexico haikudai visa yake. Beba kadi yenyewe. Mbele yetu kulikuwa na kijana aliyekuja na picha ya kadi kwenye simu, tukamwacha pale dirishani anajieleza.

Tulifikia nyumba ya wageni karibu na uwanja wa katikati ya mji, peso 650 chumba cha watu wawili. Joto nyuzi 39. Kuta zina kulabu za kutundikia vitanda vya wavu, na mpwa wangu alilala humo siku ya kwanza akaamka na alama za nyavu mgongoni kama sangara.

Neno kwa Waislamu na wasiokula nguruwe: Yucatán, jimbo hili la Mexico, ni nchi ya nguruwe. Hata maharage huungwa kwa mafuta yake. Sema "sin puerco, sin manteca", na useme mara mbili. Tuliokolewa na supu ya kuku na ndimu, sopa de lima, ambayo ningeinywa hata Kondoa, na juisi ya jamaika ambayo si kingine ila rosela yetu. Pilipili yao ya habanero usiichezee. Ni pilipili mbuzi iliyokasirika.

Siku ya 2

Tulilala, tukabadili pesa, tukanunua kofia.

Siku ya 3, Jumapili. Uxmal na Kabah

Basi la asubuhi kwenda Uxmal, magofu ya mji wa Kimaya, ni kilomita 80 hivi, tukafika saa tatu. Kiingilio cha wageni kilizidi peso 500 kwa kichwa, kinalipwa madirisha mawili tofauti, moja la serikali kuu na jingine la jimbo, na foleni zote mbili unazipanga upya. Nenda mapema.

Jengo kubwa la kwanza, Piramidi ya Mchawi, lina urefu wa mita 35 hivi na pembe zake zimeviringwa. Watu wote walilipiga picha. Mimi nilikuwa naangalia chini, natafuta mashimo.

Nchi hii ya vilima inaitwa Puuc. Haina mto wala ziwa, na hata yale mashimo ya maji yaliyoifanya Yucatán ijulikane, senote, hapa karibu hayapo. Maji ya chini yako zaidi ya mita 60. Kwangu mimi mita 60 ni kazi ya siku mbili, mashine ikiwa nzima na dizeli ipo. Kwa mtu mwenye patasi ya jiwe, ni mbali kama mbingu. Wakatengeneza chultuni. Ni birika lililochimbwa ardhini kwa umbo la chupa: mdomo mwembamba unaotosha mtu mmoja kushuka, tumbo pana, ndani limepigwa plasta ya chokaa. Juu, kuzunguka mdomo, kuna uwanja uliosakafiwa ukainamishwa kidogo ili kila tone la mvua liingie. Nililala kifudifudi nikachungulia moja. Mlinzi akaja mbio, mpwa wangu akamweleza kuwa mjomba ni fundi wa visima Afrika. Mzee akacheka, akatupeleka mwenyewe kwenye jingine nyuma ya majengo ambako watalii hawafiki, akatumulikia kwa simu yake. Plasta ya miaka elfu na zaidi, na bado imeshika.

Wataalamu wanakadiria chultuni la kawaida lilibeba lita 30,000 hivi. Nikakaa kivulini nikapiga hesabu. Familia ya watu 6, kila mmoja lita 10 kwa siku za kunywa, kupika na kunawa: lita 60. Gawanya. Unapata siku 500. Maana yake masika moja ikigoma kabisa, familia inavuka kwa kubana. Ikigoma ya pili, haivuki. Niliandika namba hiyo, 500, nikaizungushia duara. Kumbuka kwamba ni ya vinywa tu. Shambani chultuni halisaidii kitu.

Kwenda Kabah, kilomita 20 na ushei mbele, hakukuwa na basi mpaka jioni. Tulisimama kwenye kivuli cha mti robo saa, gari likasimama: mwalimu mstaafu na mkewe, wanakwenda hukohuko. Waliniuliza kama mimi ni Mkuba. Safari nzima niliulizwa hivyo, na nikisema Tanzania hufuata ukimya mfupi, kisha "Kilimanjaro!" Mke wa mwalimu alitumenyea maembe garini kwa kisu cha mfukoni. Pesa ya mafuta walikataa.

Kabah kuna ukuta mmoja wenye sura ya Chaac, mungu wa mvua, imerudiwa mara 250 hivi, kila pua imepinda kama mkonga. Jengo linaitwa Codz Poop, mkeka uliokunjwa. Mtu aliyeshiba mvua hachongi sura ya mwenye mvua mara 250. Uxmal tarehe ya mwisho iliyochongwa ni mwaka 907. Baada ya hapo miji ya Puuc ikanyamaza mmojammoja.

Siku ya 4, Jumatatu. Tecoh

Tecoh ni mji mdogo, kilomita 35 hivi kusini mashariki ya Mérida. Kombi peso 35, kisha pikipiki ya miguu mitatu hadi mdomoni mwa pango la Tzabnah. Viongozi ni wenyeji wa hapo. Walituvalisha kofia ngumu na taa. Vaa viatu ambavyo huvipendi.

Nilidhani nitatembea. Nilitambaa. Kuna sehemu tumbo langu liligoma kupita, mpwa wangu akanivuta mikono huku anacheka mpaka taa ikamdondoka. Ndani ni joto lenye unyevu, tope jekundu, na kila upande nguzo za mawe zinazoota kutoka sakafuni tone kwa tone. Huku wanaziita stalagmiti.

Nilikuja kwa ajili ya nguzo hizo. Maji ya mvua yanapenya kwenye mwamba wa chokaa, yanadondoka, yanaacha tabaka jembamba. Mvua ikiwa nyingi, maji hubeba zaidi oksijeni iliyo nyepesi. Ikiwa haba, nzito inazidi. Umri wa tabaka unapimwa kwa urani inavyogeuka kuwa thori. Kutoka pango hilihili watafiti walichukua nguzo moja wakaipa jina la Chaac mwenyewe, na mwaka 2012 walichapisha hesabu kwamba mvua ilipungua kwa asilimia 25 hadi 40 katika vipindi vibaya vya karne ya 9 na ya 10. Mwaka 2025 ikaja kazi nyingine, ya nguzo nyingine ya pango hilohilo, ambayo matabaka yake ni manene kiasi kwamba masika na kiangazi cha kila mwaka vinaonekana mbalimbali. Hapo ndipo jibu la swali langu lilipokuwa limekaa. Kati ya mwaka 871 na 1021 zilipita ngwe 8 ambazo masika iligoma kwa miaka 3 au zaidi mfululizo. Ngwe ndefu kuliko zote, kuanzia 929 hadi 942, ilikuwa miaka 13.

Nikazima taa yangu, nikakaa kwenye tope. Siku 500 dhidi ya miaka 13.

"Mjomba, umechoka?"

"Nimepiga hesabu."

Kiongozi wetu alitupa machungwa tulipotoka, na ndoo ya maji ya kujimwagia nyuma ya kibanda. Bakshishi ilikuwa halali yake.

Siku ya 5, Jumanne. Chichén Itzá

Zaidi ya peso 600 kiingilio, watu kama soko la Kariakoo siku ya mkesha, na wauza filimbi zinazonguruma kama jagwa, chui wa huku, kila hatua kumi. Piramidi kubwa ni mita 30, kupanda hakuruhusiwi. Sitaki kuwachosha nayo, picha zake mmeziona.

Senote Takatifu iko mwisho wa njia ya mawe, kama dakika tano kwa mguu. Ni shimo la mviringo lenye upana wa mita 60 hivi, na maji ya kijani yako zaidi ya mita 20 chini ya ukingo. Diego de Landa, padri Mhispania wa karne ya 16, aliandika kuwa wakati wa ukame watu walitupwa humo wakiwa hai ili mvua ije. Karibu na hapo mwaka 1967 lilipatikana chultuni lenye mifupa ya watoto, na mwaka 2024 vinasaba vya 64 kati yao vilisomwa: wote wavulana, wengine ndugu, jozi mbili mapacha wa kufanana. Kwamba waliuawa kwa ajili ya mvua, hilo halijathibitishwa. Lakini mtoto ndani ya birika la maji, mimi sikupata hamu ya chakula cha mchana.

Tulirudi Mérida jioni. Kondakta alituachia viti vya mbele kwa sababu ya miguu yangu, na redio ikapiga muziki wa huzuni njia nzima.

Siku ya 6, Jumatano. Ziwa Chichancanab

Hakuna mtalii anayekwenda huku. Basi la daraja la pili kutoka Mérida kupitia Peto, unashuka Dziuché. Lilipaswa kutumia saa nne na kitu. Baada ya Peto mkanda wa injini ukakatika, dereva akafungua boneti, akafunga boneti, akaketi. Pande zote moshi: ni msimu wa kuchoma mashamba kabla ya kupanda, na jua lilikuwa jekundu saa sita mchana.

Saa moja na nusu baadaye alisimama mzee mwenye pikapu iliyobeba magunia ya mahindi na mbuzi mmoja. Tukapanda nyuma, mimi, mpwa wangu na mama mmoja mwenye kuku. Njiani mzee alizungumza na mkewe kwa Kimaya, si Kihispania. Hili liwekwe wazi kwa wanaosema Wamaya "walitoweka": wanasema lugha yao kwa mamia ya maelfu Yucatán peke yake, na Guatemala kuna lugha za jamaa hiyo zaidi ya 20. Kilichoanguka ni wafalme, majumba ya mawe, na maandishi ya kuwasifu wafalme.

Tuliposimama kununua soda, mzee alituambia mvua zikichelewa kijijini kwao bado hufanya Cha'a Cháak, ibada ya kuita mvua. Madhabahu hujengwa kwa fito na majani, na wavulana hukalishwa kwenye pembe zake walie kama vyura. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa chura. Akatuonyesha, na sauti ilikuwa ya chura hasa, mbuzi akageuka.

"Na mvua ilikuja?" mpwa wangu akauliza.

"Mwaka ule ilikuja."

Alikataa pesa. Alichukua kofia ya mpwa wangu, kwa kubadilishana na embe bivu, na wote wawili wakaona wamepata.

Ziwa ni jembamba, refu, la buluu inayokaribia kijani. Jina lake ni "bahari ndogo". Nikachota kiganjani nikaonja: chungu kama dawa ya tumbo. Hiyo ni jasi, ileile ya kutengenezea dari za jipsamu. Mvua ikipungua, ziwa linasinyaa, jasi inazidi nguvu mpaka inaganda na kulala chini kama unga mweupe. Mwaka 1995 mtafiti David Hodell na wenzake walichapisha matokeo ya kuzamisha bomba kwenye tope la ziwa hili na kuvuta nguzo ya tope la miaka elfu kadhaa. Tabaka la jasi lilikuwa palepale pa karne ya 9. Kabla ya hapo ukame wa Wamaya ulikuwa nadharia tu. Baada ya hapo ukawa na ushahidi wa kushikwa mkononi. Mwaka 2018 wengine wakarudi kwenye jasi hiyohiyo, wakapima maji yaliyonaswa ndani ya chembe zake. Wakapata kuwa mvua ilipungua karibu nusu kwa wastani, na kwenye kilele cha ubaya hadi asilimia 70.

Tulikaa kwenye gati la mbao, tunakula chapati za mahindi na mayai ya kuchemsha. Nikamwambia mpwa wangu: mvua ya huku leo ni kama maradufu ya Dodoma. Ipunguze nusu, umepata Dodoma.

"Na Dodoma watu wanaishi, mjomba."

Ndiyo. Lakini Wagogo waliishi kwa uwele na mtama, na ng'ombe wa kuhama nao. Hawa hawakuwa na ng'ombe wala mtama. Walikuwa na mahindi, na mahindi yakikosa maji wiki mbili tatu wakati wa kuchanua, mwaka huo umekwisha. Tena walikuwa wengi, wamebanana, kila kilima kina nyumba. Nchi moja ikipata mvua ya nchi nyingine ghafla, haipati pamoja nayo mbegu na maarifa ya nchi hiyo.

Tuliondoka na basi la saa kumi na moja kuelekea Chetumal. Huko Dziuché hakuna mashine ya kutoa pesa tuliyoiona, beba taslimu.

Siku ya 7 na 8. Chetumal – Belize – Flores

Kabla ya kulala Chetumal nilimimina maji ya ziwa kwenye kisosi, nikakiweka chini ya feni. Asubuhi kulikuwa na duara jeupe pembeni. Mhudumu akauliza kama ni dawa ya kienyeji.

Kupita Belize ni siku nzima ya kukaa. Dola yao ni mbili kwa moja ya Marekani, mtaji wa hesabu rahisi. Mpakani afisa mmoja alikaa na pasipoti zetu dakika 50, akazigeuza kama mtu anayetafuta tambi kwenye wali, kisha akazigonga muhuri bila neno. Ulizia masharti ya Belize na Guatemala kabla ya kuondoka, kila nchi ina yake. Njaa ilipotukamata, mwanamke aliyekaa nyuma yetu alitupa wali na maharage kwenye kopo, akasema kijiko nitakirudisha tukikutana mbinguni.

Kusini mwa Belize kuna pango la Yok Balum, ambalo ratiba haikuturuhusu. Nguzo yake, iliyochapishwa mwaka 2012, inasimulia upande wa pili wa habari: kuanzia mwaka 440 hadi 660 mvua zilikuwa nzuri mno. Ndipo miji ilipofurika na wafalme wakazaliana. Ukavu ulianza taratibu baada ya 660, wakati tayari watu wamezoea neema. Nikalisoma hilo kwenye simu basi likiruka mashimo, nikawaza habari za kwetu: mifugo huongezeka miaka mizuri, na hakuna anayeipunguza kwa hofu ya mwaka ambao haujafika.

Siku ya 9, Jumamosi. Tikal

Kombi kutoka Flores saa kumi na nusu alfajiri, kilomita 60 na kitu. Kiingilio quetzal 150, ndiyo pesa ya Guatemala. Beba maji yako, ya ndani ni bei ya uchokozi. Saa kumi na mbili nyani wa huku walianza kunguruma, na mpwa wangu akanishika mkono kwa sekunde moja ambayo baadaye aliikana.

Tikal inapata mvua zaidi ya mara tatu ya Dodoma. Niliisoma namba hiyo mara mbili. Na haina mto. Mvua yote hushuka miezi michache, mwamba wa chokaa unaimeza, halafu miezi minne mitano ya ukavu. Mji wa makumi ya maelfu ya watu ulisimama juu ya mabwawa ya kuchimba. Viwanja vyote vya katikati vimesakafiwa kwa plasta na kuinamishwa kuelekea mabwawa hayo. Unasimama mbele ya Hekalu la Kwanza, mita 47, na kumbe umesimama juu ya paa la kukingia maji. Bwawa la Jumba la Mfalme lilikuwa na ukuta wa urefu wa mita 80 na kimo cha mita 10, uwezo wa mita za ujazo 75,000 hivi. Leo ni korongo lenye miti. Nilishuka hadi ukingoni, nikausoma ukuta kwa viganja. Fundi aliyeujenga ningemwajiri kesho.

Bwawa jingine, Corriental, walilichuja kwa mchanga wa kwatsi na zeolaiti, madini ya kusafishia maji ambayo hata sisi tunayatumia. Lakini mabwawa mawili ya karibu na majumba ya kifalme yalikuwa mabaya. Utafiti wa 2020 ulikuta kwenye tope lao zebaki, inayosadikiwa kuoshwa na mvua kutoka kwenye rangi nyekundu ya majengo ya wakubwa, na athari za mwani wa kijani-buluu wenye sumu. Maji yakipungua, sumu inabaki ileile kwenye kikombe kidogo. Rangi ya fahari ya mfalme ilikuwa inashuka kwenye maji yake ya kunywa.

Nilipanda Hekalu la Nne kwa ngazi za mbao. Mita 65, msitu kila upande, vilele vya mawe vinachungulia. Hapo nikamwambia mpwa wangu nadharia niliyokuwa naipika tangu Uxmal: mfalme wa Kimaya alikuwa mwenye mvua, kama mtemi wa Wagogo. Alijenga bwawa mlangoni kwake, ibada akaiongoza yeye, kila mtu akawa mdeni wake kwa kila ndoo. Miaka mizuri ni utukufu. Mvua ikigoma mwaka wa tatu, mwenye mvua ni mwongo, na watu wanabeba mitungi wanaondoka. Puuc, ambako kila nyumba ilikuwa na chultuni lake, walidumu zaidi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Lakini Puuc nao waliondoka, mjomba. Miaka mia baadaye tu. Na mabwawa ya huku yalikuwa makubwa kuliko yale machupa."

Sina jibu kamili. Kuna jambo jingine linaloniharibia: kusini, penye mvua na mito, ndiko walikoanguka kwanza, na kaskazini pakavu wakafuata. Dos Pilas, kusini magharibi ya hapa, ilikimbiwa mwaka 761 kwa sababu ya vita, kabla ya ukame mbaya zaidi. Tope la bahari nje ya Venezuela, lililosomwa mwaka 2003, linataja ukame karibu na miaka 760, 810, 860 na 910, wakati ukanda wa mawingu ya mvua ulipobaki kusini. Ni ukanda uleule unaopanda na kushuka na jua ukatuletea sisi vuli na masika. Kila pigo lilikuta miji tayari inapigana, misitu imekatwa kuchoma chokaa ya plasta. Hili la misitu sikuhitaji kuelezwa. Mimi nimekulia kwenye makorongo ya Kondoa, nilikuwa mdogo serikali ilipotoa mifugo yote mwaka 1979 ili ardhi ipumue.

Jiwe la mwisho la tarehe hapa Tikal ni la mwaka 869. Linasimama uwanjani, limeliwa na mvua.

Siku ya 10, Jumapili. Flores

Flores ni kisiwa ndani ya Ziwa Petén Itzá. Bajaji zinapita vichochoroni, bajaji zilezile za kwetu, ila huku ni tuktuk, quetzal 5. Hapahapa palikuwa Nojpetén, makao ya Waitza, ufalme wa mwisho wa Kimaya. Wahispania waliuteka tarehe 13 Machi 1697. Hesabu mwenyewe miaka kutoka 869. Wenye kwenda walikwenda kwenye maji ambayo hayakauki, wakaendelea.

Tulikula samaki wa ziwa na ndizi za kukaanga, quetzal 60 sahani. Mwenye mgahawa ana mapipa matatu chini ya michirizi ya paa, yote matupu, la kati limepasuka. Nilimwonyesha namna ya kuliziba kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Akatuletea kahawa mbili bila kuandika kwenye bili.

Siku ya 11

Flores, Guatemala City, Houston. Foleni, baridi ya ndege, usingizi.

Kwa wanaouliza jumla: watu wawili, ndege zote pamoja, dola 2,380. Viingilio vilikula zaidi ya nilivyodhani, chakula kidogo kuliko nilivyoogopa. Ningerudia ningetoa siku ya Chichén Itzá nikaiongezea Chichancanab, na ningebeba mkanda wa injini.

Viatu vya Tecoh nimevifua mara mbili. Maji bado yanatoka mekundu.